Pima Sinia Kwanza

Mwanangu, jiko ulilonionyesha kwenye simu ni zuri. Milango ni mieupe, inang'aa mpaka taa zinaonekana humo, hakuna kitasa hata kimoja, na juu ya kaunta pamewekwa bakuli la ndimu peke yake. Sina ugomvi na aliyelijenga. Nina swali tu: katika jiko lile, mbuzi ya nazi inakaa wapi?

Swali hili nimewauliza vijana wengi wanaojenga Kange, Sahare na Pongwe, na karibu wote hunyamaza kwanza. Nimeshika useremala hapa Ngamiani, Tanga, tangu ujana wangu, na sasa mikono haina tena nguvu ya kusukuma randa. Kilichobaki ni kusema, na kusema nako kunachosha pale unapomwambia mtoto jambo lile lile ulilomwambia babake. Hata hivyo nitakwambia, maana pesa utakayoitoa ni ya jasho lako, na watakaoishi na makabati hayo kila siku ni mkeo na mama yako.

Anza na hewa ya hapa kwetu. Mwaka wa kawaida Tanga hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua, na masika yakikolea mwezi Mei hata ukuta wa ndani unatoka jasho. Mvua ikikatika, kusi inaendelea kuleta unyevu na chumvi kutoka baharini mpaka ndani ya droo ya vijiko. Unajua mwenyewe biskuti zinavyolainika usiku mmoja, na kiatu cha ngozi kinavyoota ukungu kikikaa kabatini wiki chache bila kuvaliwa. Jiko la kwenye picha halijui habari hizi. Limejengwa mahali ambapo dirisha hufungwa mwaka mzima na mashine ndiyo inayokausha hewa.

Milango ile mieupe ni ya MDF, yaani nyuzi za mbao zilizosagwa, zikashindiliwa kwa gundi na joto. Sisemi ni ubao wa kutupwa. Ukikaa pakavu ni mtulivu, umenyooka kuliko mbao nyingi, na rangi inaushika vizuri. Ubaya wake uko ukingoni. Maji yakipata njia kwenye tundu la skrubu, au pale ulipotobolewa kupitisha bomba la sinki, nyuzi zile hunywa na kuvimba, na zikishavimba hazirudi hata uzianike kwenye jua la Januari. Mlango unakataa kufunga, skrubu za bawaba zinapoteza mshiko, kisha mende wanahamia. Chipibodi inaharibika upesi zaidi. Ukiipenda MDF sana, iweke juu, mbali na mvuke wa sufuria, na kila ukingo uzibwe, hata ule usioonekana unaogusa ukuta. Chini ya sinki usiiweke kabisa. Na bawaba zako ziwe za stenlesi, maana hizi za kawaida zinazong'aa dukani, kwenye hewa ya bahari ya Raskazone zitaota kutu kabla rangi ya ukuta haijachuja.

Wazee wetu hawakuwa na sinki wala MDF, lakini walijua kuhifadhi vyombo katika hewa hii. Nyumba za mawe za pwani, kuanzia Lamu kushuka huku kwetu, ziliwekewa zidaka ndani ya ukuta wenyewe, zikapakwa chokaa, na humo zikakaa sahani na bakuli. Zidaka hazina mbao ya kuoza wala mlango wa kuvimba. Baadaye likaja kabati la wavu, ambalo bibi yako alikuwa nalo: fremu ya mbao, ubavu wa wavu ili hewa ipite na inzi asipite, na miguu imesimama ndani ya vikopo vya maji ili sisimizi wasipande. Kabati lile lilijibu maswali ya nyumba ya pwani moja baada ya jingine: joto, unyevu, wadudu.

Ndiyo maana kila anayeniuliza namshauri hivi. Mwili wa kabati la chini ujengwe kwa tofali na zege: kuta fupi za kugawa vyumba, rafu ya zege katikati, kaunta ya zege juu, kisha vigae au terazo. Mwambie mwashi asikuletee mchanga wa bahari, kwa sababu chumvi yake itavuta maji na kubandua lipu miaka yote. Mbao ibaki kwenye fremu na milango tu. Bomba likivuja, unapangusa. Mlango ukichoka, unabadilisha mlango, kabati linabaki.

Mbao tunazo. Mitiki ya shamba la Longuza iko hapo Muheza, na Shume kule Lushoto kuna paini na saiprasi. Mninga na mkongo hutoka kwenye miombo ya bara. Mtiki una mafuta yake ya asili ambayo mchwa huyachukia, lakini mafuta hayo yamo kwenye moyo wa mti, ule wa rangi ya kahawia. Sehemu nyeupe ya pembeni mchwa huila bila taabu. Basi ukiuziwa ubao ulio nusu kahawia nusu mweupe, jua umenunua nusu. Mninga hautanuki wala haunywei sana, na ndiyo sifa iliyowafanya mafundi waupende, ila bei yake imepanda, na usiununue usiku kwa mtu asiye na kibali wala risiti. Paini si ya kudharau ikiwa imetiwa dawa. Na mbao yoyote utakayochagua, uliza imekauka kwa muda gani. Mbao iliyotoka kwenye msumeno wiki iliyopita ingali na maji yake. Ipangwe kivulini, kila ubao utenganishwe na mwenziwe kwa vipande vidogo ili hewa ipite, ikae miezi. Kijana mwenye haraka ya kuhamia hapendi kusikia neno miezi. Najua.

Kuhusu mtindo wa mlango, kwa kuwa ndilo jambo uliloniuliza hasa: chagua mlango wa fremu wenye ubao wa katikati uliochomekwa kwenye mfereji bila gundi. Masika ubao ule unatanuka ndani ya mfereji wake, kaskazi unanywea, na fremu inabaki palepale. Kwenye katalogi za ng'ambo mlango usio na nakshi namna hiyo huitwa Shaker, kwa jina la jumuiya ya kidini ya Marekani ambayo watu wake waliona mapambo ya samani ni majivuno. Mahali pa vyakula na mahali penye mvuke, weka mlango wa luva, yaani wa vibao vilivyoachiana nafasi. Hewa itapita, na harufu ya uvundo haitapata pa kukaa. Mlango bapa unaong'aa mwachie mwenye nyumba isiyopikiwa samaki.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Mwaka 1926, katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, mwanamke msanifu aitwaye Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko dogo la upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi. Majiko ya namna hiyo yalijengwa kama 10,000, na makabati yote ya kupangwa ukutani unayoyaona leo yana deni kwake. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba kabla ya hapo hakuwa amewahi kuendesha jiko. Kwa hiyo alipima. Alishika saa akahesabu muda wa kila kazi na hatua za mpishi kutoka jiko hadi sinki. Mapipa ya unga akayafanya ya mbao ya mwaloni, kwa sababu ndani yake mna kitu kinachofukuza wadudu wa unga. Mkuu wa mradi ule, Ernst May, alikuja kuishi huku kwetu: aliingia Tanganyika mwaka 1934, akalima karibu na Arusha, kisha akachora majengo Kenya na Uganda. Nakueleza haya ili uone kwamba hata huko mtindo ulikotoka, kazi ilianza kwa kumtazama mpishi na unga wake. Rangi ya mlango ilifuata.

Na wewe ufanye hivyo. Toa vyombo vyote vya nyumba yenu, vitandaze ukumbini. Pima sinia kubwa. Kabati la juu huwa na kina cha sentimita 30 au 35, na sinia la pilau la watu wanane haliingii humo hata uliombee. Liachie nafasi ya wima chini ya kaunta, lisimame pamoja na ungo na vifuniko. Sufuria za shughuli, zile zinazotoka siku ya maulidi na arobaini, zitafutie stoo. Usizijengee kabati la kila siku. Mbuzi iwekewe uwazi wa chini karibu na mlango wa uani, kwa kuwa anayekuna nazi hukaa, na anahitaji mahali pa kunyoosha miguu. Kaunta usikubali tu sentimita 90 alizozoea fundi. Mpishi asimame, akunje kiwiko, kisha ushuke sentimita 10 hadi 15. Mama yako ni mfupi kuliko mkeo. Wawekee kaunta mbili zisizolingana. Hakuna sheria inayokataza.

Gesi nayo. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, kwa hiyo mitungi itazidi kuingia majikoni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutulia chini, na ndani ya kabati lililofungwa hujikusanya ikingoja cheche. Mtungi ukae nje ya ukuta kwenye kibanda chenye hewa, au kabati lake liwe na matundu chini kabisa, usawa wa sakafu, yanayotoka nje. Usimruhusu mtu kuyaziba kwa ajili ya urembo.

Mwisho niseme linaloniuma. Nimeona majiko ya mamilioni ambayo hayawashwi. Makabati yamejaa seti za vyombo vya wageni, na mama wa nyumba anapika uani juu ya mkaa, amechuchumaa, sufuria zimepangwa chini kwenye mchanga, kwa sababu jiko la ndani likipata moshi litaharibika. Hiyo ni israfu, mwanangu, na ni dhuluma kwa anayekulisha. Ikiwa fedha ni kidogo, zitumie kwanza uani: ezeka paa, jenga kaunta ya zege, weka uchaga wa kukaushia vyombo na kabati moja la luva. Ndani kungoje.

Kabla fundi hajakata ubao wa kwanza, chora makabati ukutani na sakafuni kwa chaki, ukubwa wake halisi. Mwite mkeo, mwite mama, wasimame pale na sufuria mikononi, wageuke kama wanavyopika. Wakikwambia hili linagonga kiwiko, lifute uchore upya. Wakimaliza wao kusahihisha, ndipo umpe fundi malipo ya kwanza.