Kigari cha Kukodi

Huko Florida, nchini Marekani, mna bustani kubwa ya michezo, Walt Disney World, iliyofunguliwa mwaka 1971. Ni mji mzima wa kutembelewa kwa miguu; katika sehemu yake moja, EPCOT, njia ya kuzunguka ziwa peke yake hukaribia kilomita 2. Mzee mwenye magoti mabovu hukodi langoni kigari cha betri, akafuatana na wajukuu wake.

Afikapo dukani, mzee huyo husimama, akaingia kwa miguu yake. Hapo watazamaji hunong'ona: kumbe anatembea, mwongo huyu! Je, wana haki ya kumhukumu? Kuweza kwenda hatua hamsini si kuweza kwenda elfu kumi. Ugonjwa wa moyo hauonekani kwa macho, wala mtu havai cheti cha daktari kifuani kama nishani.

Lakini nisiwaonee wanong'onaji. Mwaka 2013 magazeti ya Marekani yalieleza kwamba baadhi ya matajiri waliwakodi walemavu wafuatane nao, ili wasipange foleni. Mwaka huo huo utaratibu ukabadilishwa: asiyeweza kungoja katika foleni akapewa saa ya kurudi. Wadanganyifu wakaenda zao. Walemavu wa kweli wakaachiwa masharti, na shaka juu yake.

Hata hivyo, mimi ni heri nidanganywe kuliko kumwaibisha mzee mbele ya wajukuu wake. Walimu wenzangu husema huruma ya namna hii ndiyo ileayo wadanganyifu. Huenda ni kweli. Dakika zangu kumi za foleni niko tayari kuzipoteza.