Namba ya Chini

Shule ya msingi tulifundishwa kwamba sehemu ina namba mbili: ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Sasa nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na naamini swali gumu kuliko yote katika fani yetu limo kwenye ile namba ya chini.

Kwa muda mrefu kituo cha afya kilipimwa kwa kazi: wagonjwa wangapi wameonwa, sindano ngapi zimechomwa. Siku hizi tunaambiwa tulipie matokeo. Mwaka 2011 mkoa wa Pwani ulianza kujaribu kuwalipa wahudumu bonasi wanapofikia malengo, mojawapo likiwa wanawake kujifungulia kituoni. Wazo hili nalipenda. Kwa nini tulipie mtoto kutibiwa kuhara mara tano, na tusilipie kijiji ambacho watoto wake hawaharishi?

Tatizo ni kwamba matokeo hupimwa kwa asilimia, na asilimia hupanda kwa njia mbili: kuongeza waliohudumiwa, au kupunguza wanaohesabiwa. Njia ya pili haihitaji boti wala petroli.

Kigoma jambo hili si nadharia. Kutoka mjini kwenda Mwamgongo au Kagunga watu hupita ziwani. Wavuvi wa dagaa huhama kambi kufuata samaki, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Chukua mama wa Ujiji aliyemfuata mumewe kambini akiwa na mimba ya miezi saba. Akijifungulia huko, ni wa zahanati ipi? Ujiji watasema amehama, na jirani na kambi watasema ni mgeni. Kila upande una sababu, na vitabu vya pande zote mbili vitapendeza. Yeye tu ndiye hayumo.

Ugonjwa haujali orodha zetu. Mwaka 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, na kipindupindu kikazuka. Wenyeji nao waliugua. Wakati ule, kumhesabu mkimbizi hakukuwa hisani tu. Afya yake na ya mwenyeji zilikuwa jambo moja.

Utaniuliza: je, ni haki kumkata muuguzi bonasi kwa ajili ya watu asioweza kuwafikia? Si haki. Ndiyo maana mzigo huu siuweki mabegani mwake. Naurudisha kwa anayelipa. Anayetaka kununua matokeo alipie kwanza kuwatafuta watu: petroli ya boti, posho ya mhudumu wa afya wa kijiji, daftari linalomfuata mvuvi kambini. Asilimia za mwaka wa kwanza zitashuka, maana namba ya chini itakuwa imekua. Mkoa utakaoleta ripoti ya namna hiyo usiadhibiwe. Huo ndio utakuwa umeanza kazi.