Haki ya Mzazi Katika Arubaini

Ndugu Waislamu, huku pwani mzazi huzungukwa na mama, mashangazi na majirani hata arubaini itimie. Je, mzazi aliye Olenguruone, katika baridi ya Mau, mbali na jamaa zake, ni nani amtumikie? Twajibu: ni mumewe. Qur'ani, katika Suratul Baqara, imemwekea baba juu yake chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye. Na sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 humpa baba mwajiriwa ruhusa ya wiki 2 pamoja na mshahara. Wako wazimalizao barazani na katika kutafuta mbuzi wa akika. Akika ni sunna. Kumtunza mzazi ni wajibu. Basi na akoke moto, achemshe maji, ampokee mtoto usiku mama apate kulala. Wallahu aalam.