Mkubwa akihukumiwa baada ya kuanguka, je, ni haki?



Habari ya Alain-Guillaume Bunyoni haikutoka mbali na sisi wa hapa Asiatique. Alikuwa mkuu wa polisi, kisha Waziri wa Usalama, na kuanzia Juni 2020 Waziri Mkuu wa Burundi. Septemba 2022 aliondolewa, siku chache baada ya Rais Ndayishimiye kusema kwamba kuna watu wanaotaka kumpindua. Desemba 2023 alihukumiwa kifungo cha maisha. Kati ya mashtaka kulikuwa na kutaka kuipindua serikali, na pia kujitajirisha kinyume cha sheria. Yeye alikana.

China nako, Zhou Yongkang alikuwa Waziri wa Usalama wa Umma, halafu akapanda mpaka kwenye uongozi wa juu kabisa wa chama kinachotawala. Alistaafu 2012. Juni 2015 naye alipewa kifungo cha maisha, kwa rushwa, kutumia vibaya madaraka na kutoa siri za serikali.

Utajiri wa namna hiyo haukusanywi usiku mmoja. Mbona makosa ya mkubwa huonekana siku ile tu anapokosa mtu wa kumlinda?

Wengine husema haki ikichelewa bado ni haki. Nakubali nusu. Mwizi aliyeshtakiwa kwa sababu amekosana na wenzake bado ni mwizi, na mali ya watu irudishwe. Lakini wakubwa waliobaki vitini wanajifunza nini hapo? Wanajifunza kutomuudhi aliye juu yao. Kuacha rushwa ni jambo jingine. (Na sisi makanisani tunawawekea viti vya mbele, wala hatuulizi sadaka ile nono imetoka wapi.)

Nabii Nathani hakungoja Daudi ashuke. Alimwendea akiwa bado mfalme, mwenye askari na upanga, akamwambia kosa lake usoni. Ndiyo sababu neno lake lilikuwa na uzito: hakuwa na faida yoyote ndani yake, ila hatari.

Hapa Burundi, Ernest Manirumva, makamu wa rais wa OLUCOME, shirika linalopigana na rushwa, aliuliza maswali yake wakati wahusika wangali na nguvu. Aprili 2009 aliuawa usiku hapa Bujumbura. Mwaka 2012 mahakama iliwatia hatiani watu 14. Wenzake walilalamika kwamba waliotoa amri hawakuguswa.