Ngano Ikishakuwa Tambi

Kumi la mwisho la Ramadhani, pakiti za tambi hazikai rafuni kwa mangi wa Tandika. Jioni uchochoro mzima hunukia iliki. Tambi hukaangwa kwa mafuta kidogo mpaka ziwe za kahawia, zikatiwa tui la nazi, sukari na zabibu kavu, kisha zikafunikwa kwa moto mdogo hadi tui linywewe na kila uzi ubaki peke yake.

Siku hizohizo watu wanapima zakatul-fitri, zaka ya chakula ya kumaliza mfungo: pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa kila mtu wa nyumbani. Je, pakiti za tambi zinafaa kutolewa fitri?

Kwa maada, ni ngano tupu. Ngano ngumu husagwa chengachenga, ikakandwa kwa maji, ikasukumwa kwenye sahani yenye matundu, ikakatwa na kukaushwa. Tundu ndilo linaloamua jina. Waitaliano waliona vijiminyoo wakaita vermicelli, waliona vijikamba wakaita spaghetti. Tundu lenye kijiti katikati hutoa makaroni yenye uwazi, ambayo hubeba mchuzi wa nyama ya kusaga tumboni mwake.

Aristotle alisema kitu ni maada na umbo. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani yetu, nao hawakutazama maada peke yake: fitri ni punje ya chakula kikuu cha mji, unga hautoshi, mkate hautoshi. Wahanafi wamelegeza, hata thamani yake kwa fedha wanaikubali.

Sababu mojawapo ya Washafii ni kwamba punje hukaa. Hapo tambi zina la kujitetea. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi aliandika kuhusu Trabia, kule Sicily, ambako itriya, tambi za wakati huo, zilipakiwa merikebuni kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Zisingekaa, zisingesafiri.

Lakini punje ina uhuru ambao tambi zimeupoteza. Anayepewa punje anaweza kuipanda, kuisaga, kuipika bokoboko; aliyepewa tambi amekwisha kuchaguliwa chakula.

Basi mama wa Tandika humpimia jirani mchele kwa idadi ya vichwa vya nyumbani kwake mwenyewe. Juu ya mchele huweka pakiti mbili za tambi, na hizo hazihesabiwi.