Mwalimu, Sema Hujui

Walimu wenzangu, nawaandikia nikiwa na deni nisiloweza kulilipa.

Kwa miaka mingi nilifundisha jiografia, na kila nilipofika kwenye volkeno nilichora mlima ubaoni na kuumiminia chaki nyekundu. Siku moja mwanafunzi wa Kidato cha Pili alinyoosha mkono: "Mwalimu, hata lava ya Oldonyo Lengai ni nyekundu?" Nikamjibu kwa ukali kwamba lava yote ni nyekundu, akae chini. Akakaa. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, ina bando, na mtandao ulikuwa unashika. Sikuitoa.

Nilikosea. Lava ya mlima ule, ulioko hapa hapa kaskazini mwa Tanzania, hutoka nyeusi au ya kahawia kama tope. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida, na ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Hakuna volkeno nyingine hai duniani itoayo lava ya namna hiyo. Mtoto aliuliza habari ya ajabu iliyomo nchini mwake, nami nikamnyamazisha. Nilipokuja kuyasoma hayo, dakika tatu tu kwenye simu ile ile, yeye alikwisha kuondoka shuleni.

Ndugu zangu, siku ile sikuzuiwa na umeme wala bando. Nilizuiwa na hofu. Niliogopa darasa zima limwone mwalimu akitafuta jibu. Waliotufundisha sisi neno lao lilikuwa la mwisho, nasi tumekirithi kiti chao na hatutaki kitikiswe. Tukiwa ofisini tunasema intaneti inaharibu watoto, imejaa uongo, inawafanya wavivu wa kufikiri. Uongo umo, tena mwingi! Basi nani atawafundisha kuutambua kama si wewe? Mtoto akishavuka geti anaazima simu ya kaka yake, na uongo ule anakutana nao peke yake. Akutane nao darasani, wewe ukiwa pembeni yake. Muulizeni pamoja huyo aliyeandika: ni nani, ameandika lini, amejuaje, na wengine wanasemaje? Mwache mtoto akuone ukitilia shaka, ukilinganisha, ukifuta ulichoandika ubaoni na kuandika upya. Akuone hivyo mara kumi kwa muhula, naye atajifunza kufuta na kuandika upya bila aibu.

Wazee wetu hawakuikimbia redio. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika kwa vikundi kusikiliza vipindi vya afya. Redio haikuifanya kazi ile peke yake. Vikundi vilikuwa na viongozi walioandaliwa na vijitabu vya kusoma; kipindi kikiisha mazungumzo yanaanza, na baada ya mazungumzo watu wanakwenda kuchimba vyoo. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari. Alijua kuuliza na kusikiliza, na hilo lilitosha.

Najua utaniambia shule haina kompyuta na bando unalitoa mfukoni mwako. Ni kweli, na inauma. Lisemee kikaoni, lidai bila woga. Lakini usingoje kikao ndipo uanze. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada. Baraza la Mitihani limeweka kwenye tovuti yake taarifa zinazoeleza, swali kwa swali, watahiniwa walikosea wapi. Mwalimu unayesema mtihani hauna habari na intaneti, umeshazifungua taarifa hizo hata mara moja?

Pakua usiku, mahali mtandao unaposhika, video moja fupi ya moyo unavyopiga au ya mlima unavyotapika. Asubuhi ingia nayo darasani. Simu moja inatosha: wagawe kwa vikundi, waje kwa zamu, wengine waandike wanachotarajia kukiona kabla hawajakiona.

Mwanafunzi wangu yule simpati tena. Wako yupo, kesho kipindi cha kwanza, dawati la nyuma karibu na dirisha, ana swali ambalo hujawahi kulisikia. Akinyoosha mkono, usimwambie akae.