Swali halina haja ya jina



*RAMADHANI 12: TAFAKURI YA LEO*

Ndugu yangu na dada yangu uliyefunga, leo tuzungumzie lile lililotokea kwenye grupu letu la maswali, pale mtu anapoandika kwa jina lolote na namba yake haionekani. Wengi mmeliona. Mtu asiyejulikana aliandika kwamba hela za futari zinaliwa, akamtaja mshika fedha wetu kwa jina. Kufika tarawehe mtaa mzima unajua. Mzee wa watu akaswali safu ya nyuma kabisa, akaondoka bila kupeana mkono na mtu.

Sasa imekuja hoja: kila mtu aandike jina lake kamili na namba ya kitambulisho, asiyetaka atoke. Hoja hiyo siidharau. Mtu akishajificha ulimi hulegea, hilo sote tunalijua.

Lakini kumbuka kitu kimoja. Grupu hilohilo, wiki ya kwanza ya mfungo, dada mmoja aliuliza jambo la nyumbani kwake. Sitarudia aliuliza nini. Unadhani angeuliza kwa jina la baba yake, na mashemeji zake wote wamo humo?

Korea Kusini walilijaribu hili kwa sheria. Kuanzia 2007, mitandao mikubwa ilitakiwa kuhakiki jina halisi la mtu kabla hajaandika maoni. Mwaka 2011 wezi wa mtandaoni wakaingia kwenye kampuni moja kubwa ya huko na kuondoka na taarifa za watumiaji wapatao milioni 35. Tarehe 23 Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria ile. Majaji walisema inabana uhuru wa watu kusema, na wala haikuonekana kupunguza maovu yaliyokusudiwa. Kama wao yaliwashinda, sisi orodha yetu ya vitambulisho itakaa wapi? Kwenye simu ya msimamizi, ambayo wanawe wanachezea gemu? (Anisamehe, lakini ndo ukweli.)

Dini yetu haikukataza kujificha kwa ujumla. Mwenye kutoa sadaka mkono wa kushoto usijue ametajwa miongoni mwa saba watakaopata kivuli siku isiyo na kivuli kingine. Imepokewa kwamba Ali bin Hussein, Zainul Abidin, alikuwa akibeba chakula usiku kuwapelekea masikini wa Madina, na hawakumjua mpaka alipofariki. Na Suratul Hujurat, aya ya 12, imekataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana, yote matatu katika aya moja. Kwa hiyo aliyemsingizia mwenzake amekosea, na wanaohangaika tangu juzi kutafuta "ni nani huyu" nao wajiangalie.

Ila tuhuma si swali. Ukiuliza hukumu ya swaumu yako, jina lako halimhusu mtu. Ukimtaja mwenzako kwa wizi, yeye umeshamvua nguo mbele ya watu, na wewe bado umejifunika. Hapo si sawa hata kidogo. Anayedai ndiye wa kuleta ushahidi. Basi nenda kwa kamati, kwa jina lako, na kamati iwe na amana ya kulificha jina hilo, maana hata mwenye tuhuma ya kweli anaweza kudhuriwa. Kamati nayo ibandike hesabu za futari ubaoni kila Ijumaa. Zingebandikwa tangu mwanzo, maneno haya yasingepata pa kuanzia.

Na wewe uliyeandika, ikiwa umo humu: sikutafuti. Nakuuliza tu. Saa nane mchana uko peke yako jikoni, maji yapo, koo limekauka, mlango umefungwa, na bado hunywi. Unamwogopa nani pale? Huyohuyo alikuwepo ulipokuwa unabonyeza kutuma. Kama una ushahidi, kamati hukutana leo baada ya Alasiri. Kama huna, mzee anakaa nyumba ileile, unaijua.

Wasimamizi, naomba grupu liendelee kama lilivyo kwa maswali. Ujumbe wenye jina la mtu ndani yake usomwe kwanza kabla haujatoka. Na tuacheni kupigana skrinishoti.

Maswali ya leo Ustadhi atayajibu baada ya tarawehe, inshaallah. Jina si lazima.